Nchi Jirani: Kutoka Bandari ya Kilindini hadi Jangwa la Chalbi

Kenya ni jirani ambaye Watanzania wengi humjua mlangoni tu. Aingiaye kwa Horohoro huishia Mombasa. Aingiaye kwa Namanga huishia Nairobi. Na yule apitaye Sirari huishia Kisii au Kisumu. Wachache ndio wafikao uani kwa jirani huyo, yaani katika nchi kavu ya kaskazini. Hata hivyo ardhi kavu na nusu kavu ni karibu sehemu nne kwa tano za nchi yote ya Kenya. Asiyeiona sehemu hiyo hajaiona Kenya, bali ameona baraza yake.

Ipo barabara moja inayotoka ufukweni mwa Bahari ya Hindi na kupanda hadi huko. Kutoka Mombasa hadi North Horr, ng'ambo ya jangwa la Chalbi, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Lori lililopakia unga, mafuta ya kula, sabuni na mablanketi huhitaji siku nne kuumaliza mwendo huo, iwapo mvua haikunyesha na magurudumu hayakuleta taabu. Siku nne hizo zamfundisha msafiri mambo mengi juu ya nchi, juu ya maji, na juu ya amani.

SIKU YA KWANZA: NYIKA YA TARU

Madereva wa Mombasa hupenda kuondoka alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma. Chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi huliwa kungali giza, kisha lori huvuka daraja la Makupa na kukiacha kisiwa. Barabara huanza kupanda mara moja kuelekea Mazeras. Upande wa kulia, juu ya vilima, ndiko Rabai, walikoishi wamisionari Krapf na Rebmann tangu miaka ya 1840. Kutoka hapo Rebmann alisafiri bara, na mwaka 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka uliofuata Krapf akauona mlima Kenya. Watu wa Ulaya hawakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Wenyeji walioishi chini ya milima hiyo hawakuhitaji kuthibitishiwa.

Baada ya mizani ya Mariakani minazi hukoma na miiba huanza. Hii ndiyo nyika ya Taru, iliyoogopwa sana na misafara ya zamani. Wapagazi walioondoka pwani na vitambaa na shanga walilazimika kuivuka kwa haraka, wakitegemea madimbwi ya maji ya mvua katika miamba, na mara nyingi madimbwi hayo walikuta yamekauka. Siku hizi gari la moshi hupita hapo kwa dakika chache tu. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 miongoni mwao walikufa kazini kwa maradhi na ajali. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwala baadhi yao, hata ujenzi wa daraja la mto huo ukasimama kwa muda. Reli mpya, yenye njia pana zaidi, ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017.

Katika mji mdogo wa Mackinnon Road upo msikiti kando ya barabara, na ndani yake limo kaburi la Seyyid Baghali, aliyekuwa mmoja wa watu wa kazi ya reli. Madereva wengi, hata wasio Waislamu, husimama hapo kidogo kabla ya kuendelea. Mbele zaidi, huko Makindu, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila ya kuulizwa dini wala kabila, na bila ya kulipa. Barabara ndefu huwafundisha watu ukarimu.

Voi ni mji wa kukumbukwa na kila askari wa Afrika ya Mashariki. Ndiko iliko njia panda ya Taveta, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wa mapigano katika Vita Kuu ya Kwanza. Mnamo Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yaliuteka mji wa Taveta. Mnamo Machi 1916 Waingereza waliurudisha na kuanza kusonga kuelekea Moshi. Askari Waafrika walikuwapo pande zote mbili, wakapigana kwa amri za wageni katika vita visivyokuwa vyao. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Leo malori ya nchi zote mbili hupita njia hiyo yakibeba saruji, vitunguu na mahindi.

Kutoka Voi barabara hupita katikati ya mbuga mbili za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Hapo dereva mwangalifu hupunguza mwendo wakati wa usiku, maana tembo havai taa. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia kati ya pwani na Nairobi; aghalabu huko ndiko watu hula chakula cha mchana. Kisha hufuata Kibwezi yenye mibuyu, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na hatimaye uwanda wa Athi. Jua likichwa taa za Nairobi huonekana.

SIKU YA PILI: KUPANDA MLIMANI NA KUSHUKA

Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, mahali ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao maji baridi. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihamishwa huko kutoka Mombasa. Msafiri wa kaskazini hakai sana mjini. Hufuata barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, na mara hujikuta katika nchi ya mananasi, kahawa na chai. Hapa maji hayana thamani machoni pa watu. Kila bonde lina kijito chake. Migomba hustawi bila ya kumwagiliwa. Na ng'ombe hukatiwa majani wakaletewa zizini.

Mchana, karibu na Nanyuki, lori huvuka mstari wa Ikweta. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, husimama upande wa kulia, nao ni wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro. Baridi ya huko humlazimu utingo avae koti ambalo Mombasa alilifanya mto wa kulalia. Baada ya Timau barabara hupinda na kuanza kushuka. Ndani ya muda usiozidi saa moja msafiri hutoka katika mashamba ya ngano yenye ukungu na kuingia katika joto, vumbi na miti ya migunga. Mbele yake, chini kabisa, uwanda huenea hadi macho yanaposhindwa. Hiyo ndiyo kaskazini, na mlango wake ni Isiolo.

Isiolo ni mji wa makabila mengi: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru ndio waliojaa sokoni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kisomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Uingereza walipewa ruhusa ya kukaa hapo na mifugo yao, na wajukuu wao wapo hadi leo. Kenya inacho pia chuo chake cha askari wa miguu katika mji huo. Usiku harufu ya nyama ya kuchoma huchanganyika na harufu ya chai ya viungo, na magari ya miraa kutoka Meru hupita yakikimbia.

KIZUIZI KILICHODUMU MIAKA MINGI

Ni lazima msomaji ajue kwa nini mji huu uliitwa mlango. Waingereza waliihesabu kaskazini yote kuwa ukingo wa kulinda sehemu nyingine zenye rutuba. Kwa sheria ya wilaya za mbali ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka ila kwa kibali. Shule hazikujengwa ila chache, hospitali hali kadhalika, na barabara zilikuwa njia za magari ya doria. Marsabit ulitumiwa hata kuwa mahali pa kuwafungia wapinzani wa ukoloni. Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi mwaka 1922, alikuwa mmoja wa waliopelekwa huko.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963 kizuizi hakikuondoka. Wasomali wengi wa wilaya hizo walitaka kuungana na Somalia. Vita vikazuka, vikaitwa vita vya mashifta, navyo viliendelea hadi mwaka 1967. Raia wengi waliteseka na mifugo mingi iliangamia. Hapo ndipo Tanzania ilipopata sehemu katika historia hiyo: mnamo Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwapatanisha wakuu wa Kenya na Somalia, na mapatano yakatiwa sahihi. Bunduki zilinyamaza kwa sehemu kubwa, lakini sheria za hali ya hatari zilizotangazwa kaskazini zilibaki katika vitabu hadi mwaka 1991.

Kwa sababu hiyo watu wa Marsabit na Moyale walizoea kusema, walipofunga safari ya kwenda kusini, kwamba wanakwenda Kenya. Usemi huo haukuwa mzaha. Barabara ya lami ilikuwa ikikoma Isiolo, na palipokoma lami ndipo, machoni pao, serikali ilipokoma.

SIKU YA TATU: LAMI MPYA

Zamani, safari ya kutoka Isiolo hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilomita zipatazo 500, ilichukua siku mbili au tatu. Malori yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Abiria walikaa juu ya shehena, au walishika vyuma juu ya ng'ombe waliopakiwa chini yao. Mama mjamzito aliyepata shida Marsabit alibebwa juu ya mawe usiku kucha, na wengine hawakufika.

Mwaka 2007 ujenzi wa lami ulianza kutoka Isiolo. Kazi iligawanywa katika vipande, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Sasa basi liondokalo Moyale asubuhi huweza kufika Nairobi siku hiyo hiyo. Badiliko hilo mtu wa kusini hawezi kulipima vema, kwa kuwa yeye alizaliwa akaikuta barabara.

Siku ya tatu, basi, ni siku ya raha kwa dereva. Huvuka mto Ewaso Nyiro huko Archers Post, mto ambao maji yake hutoka milimani na kupotelea katika kinamasi cha Lorian bila ya kuiona bahari. Mlima Ololokwe husimama kushoto kama ukuta. Wachungaji wa Kisamburu, wenye shuka nyekundu, huvusha mbuzi barabarani bila ya haraka. Huko Merille upo mnada wa mifugo, ambapo wafanyabiashara wa kusini huja na malori matupu na kuondoka yakiwa yamejaa. Baada ya Laisamis huanza jangwa la Kaisut, nchi ya Warendille na ngamia wao.

Jioni huonekana jambo la ajabu: mlima wenye msitu wa kijani katikati ya ukavu. Huo ndio Marsabit. Usiku ukungu hutua juu ya miti, na asubuhi majani hudondosha maji kana kwamba mvua imenyesha. Katika msitu huo aliishi tembo aitwaye Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na askari wa wanyamapori wakawa wakimfuata. Alikufa kwa uzee mwaka 1974, na sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi.

Chini ya mlima vipo visima virefu vya Waborana. Vijana hupangana juu ya ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakarushiana ndoo kutoka chini hadi kwenye birika la kunyweshea mifugo. Kazi hiyo hufanywa kwa kuimba, maana wimbo ndio unaolinganisha mikono. Askari aliyewahi kuimba akiwa katika mwendo wa miguu ataielewa sababu hiyo mara moja.

AMANI ILIYOGHARIMU ROHO ZA WATU

Lakini maji na malisho, yanayowaunganisha watu kisimani, ndiyo pia yanayowagombanisha. Mnamo Julai 12, 2005, wavamizi wenye bunduki waliishambulia Turbi, kijiji cha Wagabra kilicho kando ya barabara ya Moyale, saa ambayo watoto walikuwa wakienda shuleni. Makumi ya watu waliuawa, wanafunzi wakiwamo. Kisasi kikafuata. Mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi la anga la Kenya iliyowachukua viongozi kwenda kufanya mkutano wa amani ilianguka karibu na Marsabit. Watu 14 walikufa, miongoni mwao wabunge kadhaa, akiwamo Dk. Bonaya Godana, mbunge wa North Horr na waziri wa zamani wa mambo ya nchi za nje. Watu waliokuwa wakipingana katika siasa walikufa pamoja katika safari ya kutafuta suluhu.

Wazee hawakukata tamaa. Mwaka 2009 Wagabra na Waborana walifanya mapatano yajulikanayo kwa majina ya Maikona na Walda, wakaweka faini za mifugo kwa mwenye kuua na kwa mwenye kuiba, nao wenyewe wakasimamia utekelezaji wake. Mapatano hayo yalileta nafuu, ila hayakumaliza ugomvi wote. Mauaji yalirudi katika sehemu za Moyale na Marsabit katika miaka iliyofuata, na mnamo Mei 2022 serikali ililazimika kupiga marufuku watu kutembea usiku huko Marsabit na kufanya msako wa silaha. Polisi wa huko hujua jambo ambalo polisi wa kila nchi hulijua: bunduki iliyochukuliwa leo hurudi kesho, iwapo mwenye mifugo bado anaamini kwamba hana mlinzi mwingine.

SIKU YA NNE: CHALBI

Alfajiri ya siku ya nne lori hushuka mlima upande wa kaskazini. Huko Bubisa huiacha lami, likashika njia ya kushoto kwenda Maikona. Raha ya barabara kuu huishia hapo. Ardhi imetapakaa mawe meusi yaliyotemwa na volkano za kale, na dereva huyapitia polepole, huku utingo akisikiliza sauti ya kila gurudumu. Mara mawe hukoma ghafla. Mbele hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna njia. Upo uwanda mweupe ulio sawasawa kama meza. Hilo ndilo jangwa la Chalbi.

Miaka elfu kumi hivi iliyopita uwanda huo ulikuwa ziwa. Hali ya hewa ilipobadilika maji yalikauka, yakaacha udongo na chumvi. Ukoko wa chumvi hulia chini ya magurudumu kama mkate mkavu unapovunjwa. Adhuhuri mazigazi hutokea: ngamia walio mbali huonekana wakielea juu ya maji yasiyokuwapo, na vilima hukatika miguu. Dereva mgeni huambiwa asiyasadiki macho yake, bali afuate alama za magari yaliyotangulia, na afuate ushauri wa mwenyeji.

Hatari kubwa ya Chalbi si ukavu, bali mvua. Uwanda huo hukusanya maji ya milima iliyouzunguka, na ukoko ulio mgumu leo huwa tope kesho. Lori likizama hapo laweza kukaa siku nyingi. Kwa hiyo mwenye busara huchukua maji ya kunywa ya kumtosha kila mtu kwa siku zaidi ya zile za safari, magurudumu mawili ya akiba, sepetu, mbao za kuweka chini ya magurudumu, na kamba nene ya kuvutia. Huenda pamoja na gari la pili. Kabla ya kuondoka Marsabit hupita kituo cha polisi, akataja njia atakayopita na siku atakayofika.

Kalacha ni oasisi yenye mikoma na chemchemi, ukingoni mwa jangwa. Hapo ngamia hufika kwa mamia. Ngamia huweza kukaa siku kumi na zaidi bila ya maji, na afikapo kisimani huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Wenye ngamia huwanywesha kwa zamu, na hapana aruhusiwaye kuruka zamu ya mwenzake, hata awe tajiri namna gani. Mbele zaidi, baada ya mchanga, ndiko North Horr, mji mdogo wenye shule, misheni, kituo cha polisi na upepo usiopumzika. Upepo huo huo, kusini zaidi karibu na Ziwa Turkana, huzungusha mashine 365 zilizozinduliwa rasmi mwaka 2019, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda kuingia katika nyaya za taifa.

NYUMBA INAYOPAKIWA JUU YA NGAMIA

Wenyeji wa Chalbi ni Wagabra, wasemao Kiborana. Nyumba ya Wagabra ni mali ya mwanamke. Yeye huijenga kwa fito zilizopindwa, mikeka ya nyuzi na ngozi, na wakati wa kuhama yeye huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Fito hizo hizo huwa tandiko na kikapu cha kubebea watoto wachanga. Maziwa hutiwa katika vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikashonwa kwa ustadi hata visivuje. Kabla ya kutiwa maziwa chombo hufukizwa kwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri, na moshi huo ndio unaochelewesha maziwa kuharibika katika joto kali.

Akina mama wa kaskazini hujua pia kuhifadhi nyama. Chakula kiitwacho nyirinyiri hutengenezwa hivi: nyama isiyo na mafuta hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa mpaka ikauke; kisha hukatwa vipande vidogo sana na kukaangwa kwa moto wa wastani hadi maji yote yaishe. Ikisha kupoa hutiwa katika chombo kikavu, ikafunikwa kabisa kwa samli au mafuta. Kijiko kisichokauka kisitumike kuichota, kwani tone moja la maji huiharibu. Nyama hiyo hukaa miezi mingi bila ya barafu. Familia ya askari aliye katika kambi ya mbali, isiyo na umeme, yaweza kuitumia njia hii.

Desturi iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kuazimana ngamia. Mwenye ngamia wengi humkopesha aliyefilisika ngamia wa maziwa. Aliyekopeshwa hunywa maziwa, na ndama wanaozaliwa hubaki mali ya mwenyewe. Kwa njia hii maskini hafi njaa, na tajiri hupata mikono ya kumlishia mifugo katika malisho mengi tofauti, hata ukame ukija upande mmoja asipoteze wote. Hesabu hiyo ya wazee ilikuwapo kabla ya kampuni yoyote ya bima kufika Mombasa.

Hata hivyo ipo njaa inayozidi desturi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na Marsabit ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mtu asiye na ngamia hata mmoja hana cha kumwazima jirani yake. Katika miezi hiyo malori ya unga na maji yalipita juu ya lami ile ile iliyokamilika miaka michache tu iliyotangulia. Yalifika Marsabit kwa siku moja kutoka Nairobi. Kutoka Bubisa kwenda ndani, mahali lami isipofika, mwendo ulikuwa wa taabu kama zamani, na huko ndiko njaa ilikokaa kwa muda mrefu zaidi.

FAIDA YA BARABARA

Wapo wasemao kwamba barabara ya jangwani ni hasara, kwa kuwa watu ni wachache na magari ni machache. Hesabu yao huishia katika karani ya ushuru. Barabara ya Isiolo ilipunguza ujambazi, si kwa sababu majambazi walitubu, bali kwa sababu gari liendalo kasi ni gumu kuviziwa, na askari huweza kufika kabla jambazi hajatoweka. Ilimfikisha mgonjwa hospitalini. Ilipunguza bei ya unga Marsabit, na ikapandisha bei ya mbuzi Merille, maana mnunuzi hahofii tena kupoteza nusu ya mifugo njiani.

Wala lami peke yake haipatanishi watu. Turbi ingali kando ya barabara hiyo, na mauaji ya mwaka 2022 yalitokea miaka mitano baada ya lami kukamilika. Barabara humleta askari mapema na humleta mwalimu na daktari; kazi ya kukaa pamoja kisimani hubaki mikononi mwa wazee wa pande zote, nao huifanya upya kila ukame unapokuja.

Lori lililotoka Mombasa na unga hushusha mzigo wake North Horr kwa siku moja. Asubuhi inayofuata utingo hufagia ndani, akatandika majani makavu, akafunga fito za kuzuia. Mbuzi na kondoo hupandishwa mmoja mmoja, wakihesabiwa na mwenye mali kwa sauti, huku askari wa kituo akikagua karatasi za mifugo. Kisha dereva hutazama mawingu juu ya vilima vya Huri, akawauliza wenyeji iwapo Chalbi ingali kavu, na wakimjibu ndiyo, huwasha gari kurudi kusini.